Vinywaji vyeupe si maziwa: Kiswahili cha karatasi ya hospitali

KARATASI niliyopewa ilikuwa na pande mbili, mmoja Kiingereza, wa pili Kiswahili. Sista alinitazama usoni, akatazama fomu palipoandikwa “Prof.”, kisha akanikabidhi upande wa Kiingereza ukiwa juu. Nikaigeuza. Ni ugonjwa wa kazi. Mwalimu wa tafsiri akipewa matini yenye lugha mbili hawezi kuisoma moja akaiacha nyingine.

Nilikuwa nimeandikiwa kolonoskopia, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa mrija mwembamba wenye kamera. Nimeshapita miaka sitini na daktari wangu alikuwa amechoka kunibembeleza. Wanaoujua uchunguzi huu watakwambia kuwa siku yenyewe si kitu, unachomwa sindano ya usingizi na ukiamka yamekwisha. Shughuli ni ya kuamkia siku hiyo. Utumbo lazima usafishwe hadi ubaki mtupu, na kazi hiyo haifanywi na daktari wala muuguzi. Unaifanya mwenyewe nyumbani, usiku, mbio kati ya jikoni na msalani, na wa kumuuliza ni ile karatasi tu.

Ndiyo maana leo naihakiki kama ninavyohakiki matini nyingine yoyote, ila kwa kigezo ambacho sisi wa fasihi hatukizoei: je, msomaji akiifuata neno kwa neno, asubuhi utumbo utakuwa safi? Hospitali sitaitaja. Nimeona karatasi kama hizi kwingineko, nyingine hazina Kiswahili hata tone, na hii angalau ilijaribu.

Sentensi iliyonifanya nitafute penseli ni hii: “Siku moja kabla ya kipimo, mgonjwa anashauriwa kufunga na kutumia vinywaji vyeupe pekee.”

Tuanze na kufunga. Mwislamu akisikia neno hilo hahitaji maelezo. Tangu alfajiri hadi magharibi hata funda la maji haliingii kinywani. Wakristo nao wana funga zao, na wako wasiogusa maji humo. Sasa mtu huyo akeshe akiharisha, maji na chumvi za mwili zikimtoka, naye hajanywa kitu kutwa nzima kwa kuwa karatasi ilimwambia afunge! Kinachokatazwa siku hiyo ni chakula kigumu. Kunywa si ruhusa tu, ni amri, glasi baada ya glasi, mpaka karibu saa mbili kabla ya uchunguzi au kama daktari atakavyoelekeza. Kiingereza cha upande wa pili kililieleza hilo vizuri. Mfasiri aliona maneno mengi, akayafupisha kwa neno moja lililokuwa tayari na wenyewe.

Hivyo “vinywaji vyeupe” ndivyo vilivyonikosesha raha. Simlaumu mfasiri kabisa, kwa maana hapa Kiswahili chenyewe kina mtego. Kivumishi -eupe kinafanya kazi mbili. Shati jeupe lina rangi ya theluji, lakini maji meupe hayana rangi yoyote, yanapenya jicho hadi chini ya glasi. Nomino ndiyo inayoamua maana. Mfasiri alikuwa na wazo la maji meupe kichwani, akabadilisha nomino, akadhani kivumishi kitabaki na maana ileile. Hakikubaki. Muulize mtoto yeyote wa Nairobi kinywaji cheupe ni kipi. Atakwambia maziwa. Mkubwa wake ataongeza mala, labda na uji wa mchele. Vyote vitatu vimekatazwa siku hiyo.

Nilitaka kujua kama ni mimi tu ninayechokonoa. Naishi kwenye fleti karibu na Othaya Road, hapa Kileleshwa, na jioni hiyo nilishuka langoni na karatasi yangu, nikamsomea bawabu wetu ile sentensi. Nikamuuliza angekunywa nini.

“Mala, Prof,” akasema bila kufikiri. “Hiyo inashikilia tumbo.”

Nikamsomea niliyokuwa nimeiandika kwa penseli pembeni: Usile chochote. Kunywa sana. Kunywa kitu ambacho ukikitia kwenye glasi unaona upande wa pili. Maziwa hapana.

“Hiyo ni maji,” akasema. “Ama strungi isiyo kali.”

Strungi! Karatasi ilikuwa imeandika “chai nyeusi”, tafsiri ya neno kwa neno ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwa mtu yeyote akiagiza chai. Mombasa na Lamu utasikia mkandaa, Tanzania chai ya rangi, na hapa kwetu strungi au turungi. Lugha ina majina tele kwa kikombe kimoja, nasi tukachagua lile ambalo halina mnywaji.

Mengine nitayapitia haraka. Dozi ya pili ya dawa ilitakiwa kunywewa “saa 5 asubuhi”. Kiingereza kilimaanisha alfajiri, ile saa ambayo Mswahili huiita kumi na moja. Mgonjwa mwenye miadi ya saa nne, akifuata Kiswahili, atakunywa dawa yake saa nzima baada ya kuitwa. Dawa za kuzuia damu isigande ziliitwa “dawa za kupunguza damu”, jina la kumtisha mtu. Kumbe vidonge vya madini ya chuma, ambavyo huachwa siku kadhaa kabla, vilipewa jina la kikemia. Nchi nzima inavijua kuwa vidonge vya kuongeza damu. Mgonjwa akaambiwa pia aje na mtu wa “kumsindikiza”. Jamani, kusindikiza ni kumfikisha mgeni njiani, ukaagana naye ukarudi zako. Kinachotakiwa ni mtu wa kukungoja na kukurudisha nyumbani, kwa kuwa dawa ya usingizi haikuruhusu kuendesha gari wala kupanda matatu peke yako.

Lakini kosa kubwa la karatasi ile si la msamiati. Ni la haya. Kuhusu dawa yenyewe, ule unga unaokorogwa kwenye maji lita mbili hadi nne, Kiswahili kilisema: “Baada ya kutumia dawa, unaweza kuhisi mabadiliko ya tumbo. Endelea hadi matokeo yawe mazuri.”

Matokeo mazuri! Ungedhani ni mtihani wa KCSE.

Hapa msomaji wa safu hii atanikumbusha kuwa Kiswahili ni lugha ya adabu, na kwamba tasfida, ule ufundi wa kulivika nguo neno lililo uchi, ni sehemu ya ustaarabu wetu. Nakubali. Nimeifundisha tasfida miaka mingi na ninaipenda. Haja kubwa, haja ndogo, kujisaidia, kwenda msalani: haya yote ni maneno mazuri, na uzuri wake ni kwamba kila mtu anajua yanakoelekea. Tasfida njema hufunika haya ya msemaji bila kumficha msikilizaji jambo. “Mabadiliko ya tumbo” haifuniki. Inafuta. Mgonjwa hajui kama ataona kichefuchefu, gesi, au njaa. Ikija ile yenyewe saa nne za usiku, mara ya tatu, ya nne, ya sita, atafikiri dawa imemdhuru. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba kuhara ni ugonjwa. Atafanya alichofundishwa na mama yake, aiache dawa chupa ikiwa nusu. Utumbo nao utabaki nusu mchafu.

Ilitosha kusema: “Dawa hii itakuharisha sana. Hiyo ndiyo kazi yake. Usiiache.” Na kama hospitali iko Nairobi, ungeweza hata kuandika “utaendesha”, maana ndivyo tusemavyo. Hayo matokeo mazuri nayo yana sura: kinachotoka kiwe maji ya manjano, kama mkojo, bila vipande. Si sentensi ya kusomwa harusini, lakini hakuna anayeisoma harusini.

Tena haya zetu zenyewe hazina msimamo. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba nyani haoni kundule, akalikariri mbele ya mwalimu na wazazi, na hakuna anayeinamisha macho. Mwanasiasa atalirusha jukwaani, watu wapige makofi. Lakini kiungo hichohicho kikiwa ndicho kitakachopitishwa mrija wa daktari, karatasi inaandika “sehemu husika”. Kamusini kuna puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, neno safi lisilo na tusi lolote. Kamusini limelala. Sisemi lichapishwe kesho lipambane na wagonjwa wasiolijua. “Njia ya haja kubwa” inatosha, na kila bibi kijijini analielewa.

Gharama ya haya hizi niliiona asubuhi yake kwenye benchi la kungojea. Kando yangu alikaa mzee wa umri wangu, koti limemkaa vizuri, begi la safari miguuni. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Tana River.

“Nimeambiwa nirudi wiki ijayo,” akasema.

“Kwani kumetokea nini, ndugu yangu?”

“Ati tumbo chafu. Nami jana kutwa nimekunywa maziwa. Meupe pe! Kama walivyoandika.”

Sikuwa na la kumjibu. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni, imejaa penseli, na haikuwa na faida kwake tena.

Utumbo ukiwa na mabaki, kamera haioni. Vivimbe vidogo ambavyo huota kwenye ukuta wa utumbo, na ambavyo baadhi yake hugeuka saratani baada ya miaka, hujificha chini ya kile kilichobaki. Daktari akiviona huvikata papo hapo, kabla havijawa chochote. Asipoviona, basi. Wakenya hatuwezi kusema hatujui mwisho wake. Julai 2019 tuliwapoteza Bob Collymore, Ken Okoth na Joyce Laboso ndani ya mwezi mmoja, wote kwa saratani. Okoth, mbunge wa Kibra, alikuwa na miaka 41 tu, na yake ilikuwa ya utumbo mpana. Alikuwa amelisema hadharani akiwa hai, kwa ujasiri ambao karatasi yangu haina. Nakumbuka wiki ile nikisikiliza matangazo na kuhesabu majina tuliyoupa ugonjwa wake: saratani ya utumbo, saratani ya tumbo, saratani ya matumbo. Tumbo na utumbo si kitu kimoja, na mtu aliyesikia “tumbo” akaenda kuchunguzwa vidonda vya tumbo ametafuta mahali pengine.

Nani alaumiwe? Mfasiri, nahisi, alilipwa kwa ukurasa, akafanyia kazi mezani bila kuonyeshwa chupa ya dawa wala mgonjwa. Lakini sisi wa vyuo vikuu hatutoki safi. Nimekaa kwenye makongamano ya istilahi ambako tulibishana asubuhi nzima kuhusu kiambishi. Tulizalisha orodha, zikachapishwa, zikakaa. Sikumbuki hata mara moja tulipochukua istilahi tukashuka nayo langoni kumuuliza bawabu angefanya nini akiisoma. Mwaka wa 2020 barakoa na karantini yaliingia midomoni mwetu kwa wiki chache tu, kwa sababu yalirudiwa kila siku na kila mtu alikionyeshwa kitu chenyewe. Kiswahili cha tiba hakishindwi na Wakenya. Hakijawahi kupelekwa kwao.

Sheria ipo. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia uwezo wake wa kusoma. Mzee wa Tana River alipewa maelezo kwa Kiswahili, lugha anayoielewa kuliko aliyeyaandika. Kwenye jalada la hospitali sheria imetimizwa.

Mimi nilinusurika kwa kuwa nilisoma pande zote mbili. Nilipoamka, kichwa kikiwa bado na ukungu wa dawa, sista aliniambia nilikuwa nimejisafisha vizuri na kwamba kivimbe kimoja kidogo kimetolewa. Nikampa karatasi yangu. Akaisoma amesimama, akacheka kwenye “matokeo mazuri”, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Akasema wanachapisha nyingine mwezi ujao, angeipeleka ofisini.

“Lakini Prof, kweli tuandike strungi? Si watasema ni sheng?”

Nikamwambia aandike.

“Kwa s-t-r ama kwa t-u-r?”

Swali la kongamano zima, nami nimelala chali bila viatu. Nikamwambia aandike yote mawili, na mkandaa kwenye mabano kwa ajili ya mzee.