Tuta Linalovua Samaki Bangweulu

Mapema mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao walimbeba mabegani bwana wao mgonjwa, mpelelezi David Livingstone, wakivuka vinamasi vya Bangweulu, kaskazini mwa Zambia ya leo. Mvua haikukatika, na njia ilikuwa haionekani kwa maji. Tarehe 1 Mei mgonjwa wao alifia kijijini kwa Chitambo, nao wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Mafuriko yaliyoutesa msafara ule ndiyo yanayowalisha Waunga na Wabisa, wenyeji wa vinamasi hivyo.

Mto Chambeshi huleta maji, Luapula huyatoa. Katikati ardhi ni tambarare mno, hivyo maji yakizidi hutandaa mbugani. Kambale, perege na wengine huyafuata humo, kwa kuwa majani yaliyozama yana chakula tele na vifaranga hupata pa kujificha. Lakini mbuga itakauka tu, na samaki asiyetaka kukauka nayo hana budi kurudi.

Hapo ndipo anakuta tuta.

Tuta hilo ni ukingo wa udongo wa palepale, si mrefu kwenda juu, lakini huweza kukata mbuga kwa mamia ya mita. Mtu anaweza kudhani kazi yake ni kuzuia maji. Sivyo. Tuta lililozibwa kote lingelemewa na kubomoka, tena maji yaliyotuama hayamwelekezi samaki popote. Ndiyo maana huachwa mapengo. Maji yote yanayorudi hujikusanya hapo na kuwa mkondo, na samaki huufuata mkondo huo akidhani amepata njia ya kutokea. Ndani ya pengo umetegwa mgono, mtego uliosukwa mfano wa kikapu kirefu. Mdomo wake ni mpana, kisha fito zinasongamana kuelekea ndani na kuacha tundu dogo. Samaki akijipenyeza amekwisha: akigeuka hukutana na ncha za fito, na tundu halioni tena.

Ustadi wenyewe, hata hivyo, uko kwenye majira. Maji yanapopanda, mapengo huachwa wazi ili samaki waingie kuzaliana. Anayetega mapema anajinyima mwenyewe, maana anawakamata wazazi kabla hawajazaa. Familia zenye matuta huyarithisha na kuyakarabati, kwa hiyo mwenye tuta la leo anafikiria pia maji ya mwakani.

Uvuvi wa aina hii haukuwa wa Bangweulu peke yake. Mwaka 2000 mwanaakiolojia Clark Erickson alieleza matuta ya kale ya Baures, nchini Bolivia, yaliyojengwa kabla ya Wazungu kufika. Mwaka 2016 mtafiti Doyle McKey na wenzake wakayalinganisha na ya Bangweulu, wakakuta yanafanana mno. Watu wa mabara mawili, bila kuonana, walipata jibu lilelile kwa maji ya namna moja.

Maisha ya kinamasini hayakuishia kwenye samaki. Mizizi ya yungiyungi ililiwa, mafunjo na matete yakatoa mikeka na vibanda, na swala weusi wa majimaji, ambao asili yao ni Bangweulu pekee, waliwindwa kwa mikuki.

Siku hizi baadhi ya wavuvi wanakokota vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya malaria. Chandarua hakichagui: kinazoa hata kifaranga wa juzi. Mgono una nafasi kati ya fito, na samaki mdogo hupita. Anayeuita mgono zana duni na chandarua maendeleo amekosea hesabu.

Sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika sehemu kubwa ya nchi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wanapozaliana. Siku marufuku inapoisha, Bangweulu maji huwa bado yamejaa, na mwenye tuta huendelea kusubiri yaanze kurudi.