Wikio si Daraja: Istilahi za Mji wa Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Katika kuueleza kwa Kiswahili sanifu, baadhi ya wafasiri huacha istilahi za wenyeji. Kasoro hiyo si ndogo.

Chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili huitwa wikio. Akiitumia “daraja”, mfasiri hupoteza maana: daraja huvusha kila mpitaji, bali kwa wikio wanawake wa nyumba za jamaa walitembeleana bila kushuka njiani. Vilevile daka, penye viti vya mawe mlangoni, si “ukumbi”. Hapo mgeni hupokewa kabla ya kukaribishwa ndani.

Huenda ikasemwa kwamba maneno hayo ni ya Kiamu, hayajulikani bara. Hoja hiyo hatuikubali. Baraza nalo ni kiti cha mawe mbele ya nyumba. Leo twasema Baraza la Mawaziri, wala hapana anayetatizika.

Twapendekeza basi neno la wenyeji litumiwe, na lifafanuliwe linapotajwa mara ya kwanza. Tusipofanya hivyo, mwanafunzi ataiona nyumba asijue kwa nini ilijengwa hivyo.