Kabari Kwanza, Miguu Mwisho

Karavani, ile trela yenye vitanda na jiko ndani, si kitu cha kuonekana kila siku Bujumbura. Trela za jenereta, za matangi ya maji na za makontena ndizo zilizozoeleka. Kwa fundi kazi ni ileile: chombo kilichoundwa kuegemea gari sasa kinatakiwa kisimame peke yake. Chini mjini, Buyenzi na Bwiza, kwenye tambarare ya Imbo, hakuna anayekosa usingizi kwa jambo hilo. Shida huanza barabara inapopanda Kiriri, au Vugizo liliko kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Huko nyumba zimechongewa ubavuni mwa kilima, na njia ya kuingilia uani imelala kama paa.

Tuchukue karavani ya ekseli moja yenye uzito wa kilo 1,500, kwenye njia inayoshuka asilimia 10, yaani sentimita 10 kwa kila mita. Mteremko huo unaivuta kuelekea getini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 150, mchana na usiku, bila kuchoka. Kwa hiyo swali la kwanza si kama sakafu imelala sawa. Swali ni nini kitaishika gari likishaondoka.

Watu wa malori hawahitaji kufundishwa hili. Barabara ya RN1 inatoka kando ya Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 774 juu ya usawa wa bahari, na kufika Bugarama imeshapita mita 2,000, yote hayo ndani ya kilomita thelathini na kitu. Lori likikwama kwenye mpando kama huo, utingo huwa ameshika jiwe kabla dereva hajafungua mlango. (Jiwe hilo kuachwa katikati ya lami baada ya safari kuendelea ni uzembe nisioutafutia udhuru.) Lakini jiwe la duara huviringika, au tairi hulipanda. Kabari ya kweli ina uso unaolingana na mzingo wa tairi, nayo huwekwa upande wa chini wa magurudumu yote mawili. Ikishawekwa, breki hulegezwa taratibu ili uzito ukalie kabari, kisha hukazwa tena. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa trela ikisogea kidogo wanapoifungua kwenye gari.

Kabla ya kuifungua, hata hivyo, kuna kazi ya kusawazisha kushoto na kulia. Inafanyika sasa kwa sababu rahisi: jeki ya mbele inanyanyua na kushusha pua tu, haina uwezo wowote juu ya ubavu. Ikiwa njia imeinama pia asilimia 4 kwa upana, na magurudumu yameachana mita 2, gurudumu la chini linahitaji kupandishwa sentimita 8. Mbao mbili ngumu za sentimita 4 zinatosha, mradi ni ndefu na pana kiasi cha tairi kukaa lote juu yake. Gari linaivuta karavani hadi ipande, ndipo kabari zinapigwa. Pima maji huwekwa sakafuni, si mezani, maana meza yenyewe huenda imepinda. Wapo wanaochimba chini ya gurudumu la juu badala ya kupandisha la chini. Kwenye udongo mwekundu wa vilimani, shimo hilo mwezi Aprili ni bakuli la matope.

Sasa pua. Kutoka ekseli hadi jeki tuseme ni mita 4, basi tofauti ni sentimita 40. Pua ikitazama juu, itabidi ishushwe kiasi hicho, na mara nyingi jeki hufika mwisho wake kabla. Ndiyo maana napendelea pua itazame chini, ingawa kuirudisha karavani kinyumenyume hadi juu kunamtoa dereva jasho. Mbao zinaweza kuongezwa, ardhi haishuki. Zipangwe jozi moja hivi, jozi inayofuata ikikatiza, na kijigurudumu cha jeki kiondolewe, kisije kikawa njia nyingine ya kuteleza. Mguu wa sentimita 10 kwa 10 unaobeba kilo 150 unakandamiza udongo kilo 1.5 kwa kila sentimita ya mraba. Ubao wa 30 kwa 30 unapunguza mkandamizo huo mara tisa.

Miguu ya pembeni hushushwa mwisho: iguse ubao, izungushwe kidogo zaidi, basi. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mtu anaona kona moja iko chini, anazungusha mguu hadi tairi linaacha ardhi. Gurudumu lililo hewani halishiki, hata breki ikazwe vipi, na chesi nyembamba ya karavani hujipinda. Dalili yake ni mlango usiofunga. Miguu ya semitrela ni kitu kingine, imeundwa kubeba mzigo, na hata hiyo huwekewa mbao chini.

Usawa wenyewe si anasa ya kulala vizuri tu. Friji ya gesi ya kwenye karavani inategemea kimiminika cha amonia kushuka chenyewe kwenye mabomba. Ikiinama muda mrefu ikiwa inawaka, kimiminika hutuama na mtambo huharibika.

Linabaki suala la maji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua ilishusha matope na mawe juu ya mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, Kamenge na Gatunguru, na watu wengi wakafa. Mbao hazihitaji mafuriko ya namna hiyo. Kijito kimoja chembamba kinachopita chini yake kinatosha kula udongo. Mfereji mdogo uchimbwe upande wa juu wa trela, uyageuze maji pembeni, na pima maji irudishwe sakafuni asubuhi baada ya mvua ya kwanza.