Kumuuliza Asiyesema

Mama yangu alikuwa na nguruwe wawili nyuma ya jiko, katika banda la mabanzi lililotazama mgombani. Kila jioni aliwakorogea debe la pumba za mahindi na maganda ya ndizi, nao walikula mpaka hori likang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Matumbo yao yalitanda. Lakini migongo ilibaki kama upanga, manyoya yalisimama wima, na mwezi wa nane uliingia bila wao kufikia uzito wa kumwita mnunuzi. Jirani alinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Kisha siku moja akapita bwana mifugo. Akapokea shikamoo zetu, akainama horini, akachota pumba na kuzisugua kiganjani, halafu akasema kwa upole, "Mama, hawa wanashiba, ila hawajalishwa."

Akamwelekeza aongeze mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa kidogo na chumvi. Hakudunga sindano wala hakuacha dawa. Haukupita muda mrefu kabla hatujaanza kuona mapaja yakijaa, na jirani hakurudia tena maneno yake.

Sentensi ile ya bwana mifugo imenikaa hadi leo. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za lishe ya mifugo na kutembelea mabanda na mabwawa ya majaribio, ndipo nilipotambua kwamba nyuma yake walikuwapo watu wengi waliotumia maisha yao wakiwa wameshika mizani, wakitafuta mpaka kati ya kushiba na kulishwa. Nataka kuisifu kazi yao. Najua kuna wasomaji wangu wengi ambao dini imewakataza nguruwe, na siwaiti mezani. Naomba tu tusimame pamoja kando ya banda, kisha tushuke bwawani kwa samaki, tutazame namna binadamu anavyomuuliza swali kiumbe asiyesema.

Daktari humuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Mtafiti wa lishe hana bahati hiyo. Nguruwe angalau hulia hori likiwa tupu; samaki yuko chini ya maji ya kijani, na kinachoonekana juu ni duara za mawimbi zinazopanuka na kupotea. Kwa hiyo mtafiti amelazimika kujitengenezea lugha, na maneno ya lugha hiyo ni uzito, muda, majivu na kinyesi.

Tuseme anataka kujua kama sato atakua vizuri pale nusu ya dagaa wa kwenye chakula chake wanapoondolewa na kuwekwa unga wa funza. Haitoshi kuwa na tangi moja la chakula hiki na moja la kile, maana moja laweza kuwa kwenye kivuli cha mwembe na jingine likawa juani, na jibu likawa la mwembe badala ya kuwa la funza. Kwa hiyo kila chakula hupewa matangi matatu au zaidi, samaki hugawanywa kwa kura, na kazi huendelea kwa wiki nane hivi. Anawalisha kwa mkono, punje kwa punje, mpaka wasite kuja juu. Punje zilizobaki anazizoa, anazikausha na kuzipima, ili asiwaandikie samaki deni la chakula ambacho hawakukila. Siku ya kupima uzito huwa amewaacha na njaa tangu jana yake, kwa sababu chakula kilichomo tumboni bado si nyama. Nimewahi kumtazama kijana mmoja akifanya hivyo alfajiri, suruali imekunjwa magotini, akimshika kila samaki kwa kitambaa kibichi kama mtu anayeshika kifaranga. Haki ya namna hiyo, ya kutotaka kumdanganya hata samaki, siioni mahali pengi.

Yote hayo humpa tarakimu moja ambayo mfugaji anaiota usiku: kilo ngapi za chakula kwa kilo moja ya mnyama. Sato anayelishwa vizuri huhitaji karibu kilo moja na nusu. Nguruwe anayekua huhitaji karibu tatu. Samaki hapashi mwili wake joto, wala hasimami juu ya miguu. Maji ndiyo yanayombeba. Na kwa kuwa chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji wa wote wawili, tofauti ndogo katika tarakimu hiyo ndiyo ada ya shule au kukosekana kwake.

Lakini mizani haisemi kila kitu. Kilichoingia mdomoni si chote kilichoingia mwilini, na ili kujua mwili ulichukua nini ni lazima kutazama ulichokiacha. Hapo ndipo kazi hii inapohitaji moyo. Mtafiti huchanganya katika chakula unga wa kijani uitwao oksidi ya kromiamu, ambao hausagiki tumboni wala haunyonywi na utumbo; ulivyoingia ndivyo utakavyotoka. Kama unga huo ulikuwa sehemu moja katika mia ya chakula, na katika kinyesi kikavu ukawa sehemu nne katika mia, basi robo tatu ya chakula imechukuliwa na mwili. Ni hesabu ya darasa la sita, lakini ndani yake mnyama ametoa ushahidi.

Kwa nguruwe, kinyesi huweza kukusanywa sakafuni. Hata hivyo, bakteria wa utumbo mpana hubadilisha protini kabla haijatoka, na kinyesi kikatoa ushahidi uliochakachuliwa. Ndiyo maana watafiti huchukua sampuli mwisho wa utumbo mwembamba, pale ambapo mwili umemaliza kuchukua chake. Kwa samaki, adui ni maji yenyewe: kinyesi kikikaa humo kidogo tu, virutubisho vinayeyuka, na chakula kibovu kinaonekana kizuri. Katika miaka ya 1970, C. Young Cho na S. J. Slinger wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walitengeneza tangi ambalo mkondo wake hupeleka kinyesi taratibu kwenye bomba la kutuamishia, kitulie chini bila kuvurugwa. Watu wenye elimu kubwa walikaa wakifikiria namna ya kukipokea kinyesi cha samaki kwa upole. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Ugunduzi ninaoupenda kuliko wote wa aina hii ulifanyika kwetu, katika Ziwa George nchini Uganda. Sato wa ziwa hilo hula mwani wa rangi ya buluu-kijani, na zamani ilidhaniwa kwamba mwani huo humpita tu, kwa sababu ulionekana ukitoka ungali mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, D. J. W. Moriarty alifuatilia matumbo ya samaki hao saa kwa saa. Akakuta kwamba tumbo la sato hutoa tindikali kali sana, yenye nguvu ya kuzipasua chembe za mwani, lakini huanza kuitoa pale tu samaki anapoanza kula asubuhi. Mwani wa matonge ya kwanza hupita kabla tindikali haijawa kali, ukatoka wa kijani. Unaoliwa baadaye hutoka wa kahawia, umesagika. Waliotazama kinyesi cha asubuhi walihukumu siku nzima kwa saa zake za kwanza. Moriarty alisubiri mpaka jioni. Mfugaji wa leo anayerutubisha bwawa lake kwa samadi mpaka maji yakawa kijani, akazamisha mkono na kuona kiganja kinapotea maji yanapofika kiwiko, anatumia tindikali ileile.

Sasa turudi kwenye hori la mama, maana swali lake halijajibiwa. Pumba za mahindi zina protini. Kwa nini basi nguruwe walidumaa?

Fikiria mwanamke anayetunga shanga. Mchoro wake unadai shanga nyeupe tano, nyeusi tatu, nyekundu moja, kisha unarudia. Nyeupe anazo kikapu kizima na nyeusi zimejaa bakuli, lakini nyekundu ni kumi tu. Atatunga mizunguko kumi, basi. Protini ya mwili hutungwa hivyo, na shanga zake huitwa asidi amino. Ndani ya mahindi shanga nyekundu ni laisini: ikiisha, ujenzi wa nyama unasimama hata kama zote nyingine zimejaa. Na mwili hauna kikapu cha kuhifadhia zilizobaki. Huzichoma, na naitrojeni yake hutoka kwa mkojo wa nguruwe, ndiyo ile harufu inayochoma macho bandani, au hutoka kama amonia kwa mashavu ya samaki na kuchafua maji anamopumulia. Mfugaji amenunua protini kwa fedha yake, kisha ananuka hasara.

Kuzihesabu shanga hizo kulihitaji ujasiri. Mwaka 1957, huko Marekani, John Halver na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalisha samaki wachanga wa samoni asidi amino safi, wakiondoa moja moja na kutazama ukuaji ukisimama au ukiendelea. Walipata kumi ambazo samaki hawezi kuishi bila kuletewa, kumi zilezile zilizokuwa zimejulikana kuwa za lazima kwa panya. Mmoja wa wenzake Halver alikuwa Edwin Mertz. Mwaka 1964 Mertz huyohuyo, pamoja na Lynn Bates na Oliver Nelson katika Chuo Kikuu cha Purdue, alitangaza kwamba mahindi ya aina moja, yenye punje zisizopitisha mwanga, yalikuwa na laisini karibu maradufu ya mahindi ya kawaida. Nguruwe waliolishwa mahindi hayo walikua kwa kasi ambayo mahindi ya kawaida peke yake hayakuweza kuifikia.

Nikifika hapa huwa nasita kidogo. Kwa sababu mtoto aliyevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, aliyelelewa kwa uji wa mahindi mtupu, alikuwa na upungufu wa ukoo mmoja na ule wa nguruwe wa mama yangu. Mahindi yale mapya yangeweza kumsaidia, lakini punje zake zilikuwa laini na fukusi walizipenda mno. Ilibidi Evangelina Villegas na Surinder Vasal, katika kituo cha utafiti wa mahindi cha CIMMYT nchini Mexico, wafanye kazi kwa miaka mingi mpaka wapate punje ngumu yenye lishe ileile. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Nchini Tanzania mbegu za ukoo huo zilipewa jina la Lishe. Na bibi zetu waliopika makande walikuwa wamelifikia jibu kwa njia yao, kwani maharage yana ziada ya laisini, na mahindi yana methionini ambayo maharage yamepungukiwa.

Tatizo la sasa ni dagaa. Dagaa wa Ziwa Viktoria, omena kwa ndugu zetu wa Kenya na mukene kwa Waganda, wana karibu kila shanga inayotakiwa. Kwa hiyo viwanda vya chakula cha mifugo vinawagombania na mama mwenye sufuria ya mchuzi, na sioni haki katika mashindano hayo. Kutafuta mbadala ni kazi ngumu, kwa kuwa karibu kila mmea una silaha yake. Soya mbichi huzuia usagaji wa protini mpaka ikaangwe vizuri. Mashudu ya pamba yana sumu ya gosipoli. Majani ya mihogo yana sianidi. Mtafiti hulazimika kujua ni joto kiasi gani linaua sumu bila kuiunguza laisini, maana laisini nayo huharibiwa na moto uliozidi. Pale Kasarani, Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimefanya kazi kubwa juu ya funza wa inzi askari mweusi, anayekula mabaki ya sokoni na kuyageuza kuwa protini. Katika yote niliyoyaona, hilo ndilo linalonipa matumaini zaidi kwamba dagaa watabaki kwenye sahani.

Kazi hii pia hulinda ziwa. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka imefungwa, na sato wa kwenye kizimba hawezi kuifungua wala nguruwe hawezi; hutoka kama ilivyoingia na kurutubisha mwani na magugu maji. Kimeng'enya kiitwacho fitasi, kijiko kidogo ndani ya gunia, huifungua.

Na kuna tanuri la maabara. Dagaa walioanikwa mchangani huja na mchanga, na mchanga unaongeza kilo. Ukiwatia kwenye tanuri la nyuzi 550, nyama yote inaondoka na yanabaki majivu. Majivu yakizidi, umeuziwa ufuo. Nimemwona fundi wa maabara akisukuma kikombe cha majivu mbele ya mfanyabiashara bila kusema neno, na mfanyabiashara akainamisha kichwa.

Ninyi mnaofanya utafiti huu Morogoro nchini Tanzania, Sagana nchini Kenya na Kajjansi nchini Uganda, nina ombi moja. Majedwali yenu yanachapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo anayechanganya chakula kwa koleo kwenye sakafu ya saruji hatayaona maishani. Andikeni na kwa Kiswahili: madebe mangapi ya pumba, kilo ngapi za mashudu, soya ikaangwe muda gani, kwa nguruwe wa umri upi na sato wa ukubwa upi. Bandikeni karatasi hiyo kwenye ukuta wa kila duka la pembejeo. Mama yangu bado ana banda, na bwana mifugo yule alishastaafu.