Pip na Haya Zake

Kitabu cha Charles Dickens kiitwacho Great Expectations kilitoka sehemu sehemu katika gazeti lake la kila juma, tangu 1860 hata 1861. Chasimulia habari za Pip, yatima aliyelelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi. Msichana Estella alimcheka kwa mikono yake migumu na viatu vyake vizito; tangu hapo akaona haya kwa ajili ya kwao. Hata alipopata mali na kukaa London, Joe alikwenda kumtazama, naye akamwonea haya mlezi wake.

Huenda msomaji akamchukia kijana huyu. Lakini twaona hapo ndipo penye nguvu ya kitabu, kwa kuwa msimulizi ni Pip mwenyewe, aliyekwisha kuwa mtu mzima, wala hafichi kosa lake. Mwisho wake hautupendezi sana: Dickens aliubadili kwa shauri la rafiki yake Bulwer-Lytton, ukawa mtamu kupita ilivyostahili hadithi.

Nasi waalimu na tujiulize: mwanafunzi wetu, babaye mkulima ajapo shuleni miguu mitupu, humwamkia mbele ya wenzake, ama hugeuza uso? Akigeuza uso, tumemfundisha nini?