Ukuta wa Sentimita Tatu: Uchambuzi wa Tangi la Maji ya Mvua Linalojengwa Uani

Kiasi cha maji kinachomwagika bure kutoka kwenye paa la bati ni rahisi kukikokotoa, kwa kuwa milimita moja ya mvua inaponyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Mji wa Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Nyumba ya huko iliyofunika ardhi ya mita 60 za mraba hupokea juu ya paa lake zaidi ya lita 34,000 kwa msimu, na hata baada ya kutoa asilimia 15 inayopotea kwa mvuke na kwa kurukia nje ya mifereji, hubaki lita 29,000 hivi ambazo familia nyingi huziacha zikichimba makorongo uani, kisha hununua maji kwa madumu ifikapo Julai. Familia ya watu watano inayotumia lita tano kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kupikia tu, huhitaji lita 5,000 ili kuvuka siku 200 za kiangazi. Hicho ndicho kipimo cha tangi linalochambuliwa hapa, ambalo mwenye nyumba asiye fundi anaweza kulijenga mwenyewe akiwa na wasaidizi wawili, mradi aelewe kwa nini kila hatua imewekwa mahali pake.

Tangi lenye kipenyo cha mita mbili na kina cha maji cha mita 1.6 huchukua lita 5,000, nalo ni lazima liwe la mviringo. Maji husukuma ukuta kuelekea nje, na msukumo huo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Katika tangi la pembe nne msukumo hupinda ukuta ulionyooka na kuzilazimisha kona zifunguke, ndiyo maana matangi mengi ya matofali ya umbo hilo huanza kuvuja konani hata yakiwa na kuta nene. Ukuta wa mviringo haupindwi. Huvutwa tu kwa usawa kuzunguka mduara wote, na mvuto huo, ambao wahandisi huuita mkazo wa mzingo, hupatikana kwa kuzidisha shinikizo la maji kwa nusu ya kipenyo. Ukanda wa chini kabisa wa tangi hili, wenye kimo cha sentimita 10, huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 160.

Saruji huhimili kugandamizwa vizuri sana lakini ni dhaifu inapovutwa, na udhaifu huo ndio unaozibwa na ferosimenti, yaani lipu nyembamba ya saruji iliyojazwa nyavu za waya zilizokaribiana. Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda mashua kwa njia hii mwaka 1848, na kama ukuta huo mwembamba uliweza kuzuia maji yasiingie, haukuwa na sababu ya kushindwa kuyazuia yasitoke. Kwa tangi la nyumbani, mjenzi husimamisha kiunzi cha wavu wa chuma uliochomelewa, hukifunika pande zote mbili kwa wavu wa kuku, kisha huuzungushia waya wa milimita 3 kutoka chini hadi juu. Waya mmoja wa chuma laini wa unene huo huanza kunyooka unapovutwa kwa kilo 180 hivi, kwa hiyo katika nusu ya chini mizunguko huachana kwa sentimita 5, ili kila ukanda wa sentimita 10 uwe na nyaya mbili na akiba ya kutosha, na katika nusu ya juu, ambako shinikizo ni dogo, sentimita 10 zinatosha. Hesabu hii inaonyesha pia kwamba kuongeza unene wa lipu kupita sentimita tatu ni kupoteza saruji, kwa maana mzigo umebebwa na waya.

Mahali panapostahili hofu zaidi ni pale ukuta unapokutana na kitako. Kitako ni zege la unene wa sentimita 10, lenye saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne, nalo halitanuki, ilhali ukuta uliojaa maji hutaka kutanuka kidogo, na tofauti hiyo hupinda sentimita chache za mwanzo za ukuta. Kwa sababu hiyo wavu wa kitako hukunjwa kuelekea juu na kufungwa pamoja na wavu wa ukuta kabla zege halijamwagwa, na baadaye kona ya ndani huzibwa kwa lipu nene iliyolainishwa kwa umbo la mbonyeo. Bomba la kutolea maji nalo hulazwa ndani ya kitako wakati huohuo, kwa sababu kutoboa ukuta uliokwisha kuganda ni kualika mvujo.

Lipu ni saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, na ukuta wote humaliza mifuko mitatu hadi minne ya kilo 50. Mchanga wa mtoni huoshwa kwanza, kwa kuwa udongo hufunika chembe na kuizuia saruji isizishike. Kiasi cha udongo hubainika kwa kutikisa mchanga na maji ndani ya chupa inayopitisha mwanga na kuiacha itulie, kisha kuangalia unene wa tabaka laini linalotua juu. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, maana chumvi yake hula waya. Kwa kila mfuko wa saruji maji yasizidi lita 25, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Hapa wajenzi wengi hushindwa kujizuia, kwa kuwa lipu iliyolegea hutelezea mwiko vizuri, lakini maji yote ya ziada yakishakauka huacha vinyweleo ambavyo tangi litavujia. Lipu ya nje hupigwa kwanza huku gunia au bati lililokunjwa likiizuia upande wa ndani, na kesho yake hupigwa ya ndani, ikifuatiwa na rojo la saruji tupu.

Kazi iliyobaki inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. Saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji kikemikali, na muungano huo huendelea kwa wiki kadhaa. Baada ya siku 7 lipu huwa imefikia takriban theluthi mbili ya nguvu itakayokuwa nayo siku ya 28. Ikikauka kabla ya hapo, muungano hukoma, na papo hapo lipu husinyaa ingali dhaifu, ikapasuka kwa nyufa nyembamba kama nywele zinazoonekana vizuri pale ukuta unapolowa na kuanza kukauka. Upepo mkavu wa Dodoma unaweza kufanya uharibifu huo katika mchana mmoja. Kwa hiyo ukuta huviringishiwa magunia mabichi na nailoni mara tu lipu inapokuwa imara, maji ya kina cha sentimita chache huwekwa ndani ya tangi, na magunia hunyeshewa asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Yeyote asiye na uhakika wa kupata maji ya kazi hiyo ni afadhali asubiri kuliko kuanza kujenga.

Mifereji ya paa huinamishwa sentimita moja kwa kila mita, na lita 60 za kwanza za kila mvua inayokuja baada ya ukavu, ambazo hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, huelekezwa nje kwa bomba la pembeni. Tangi hufunikwa kabisa na tundu la kufurikia huwekewa wavu wa mbu, huku maji yanayofurika yakipelekwa mbali na msingi wa nyumba. Ujazo wa kwanza hufanywa kidogo kidogo, kimo cha nusu mita kila baada ya siku moja au mbili, na kila alama ya unyevu inayotokea nje huzungushiwa chaki, ili maji yakishatolewa, upande wa ndani wa mahali hapo ukwaruzwe na kupigwa rojo upya.