Ombeni ufunguo wa labo kwanza

Tangu matokeo ya Egzeta yatoke na watoto wapakwe poda kichwani, karibu kila siku mtu ananisimamisha barabarani: "Yaya, ile shule mulisomaka, iko muzuri?" Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nasema ndiyo, iko muzuri, bei haiumizi, nenda. Mwaka huu nimeshindwa kujibu vile, juu mwenye kuuliza ni mdogo wangu mwenyewe, wa tumbo moja, na anataka Kemia.

Jina la chuo sitalitaja. Wenzangu wa promosio watakijua, na najua wengine watakasirika: watasema ninachafua jina lenye kuandikwa kwenye diploma yangu. Wana haki ya kukasirika. Lakini sisi wahitimu tumezoea kukisifu chuo mbele ya watu na kukilia tukiwa peke yetu, halafu wadogo zetu wanaingia kwa masifu yetu.

Tuanze na bei, kwa sababu bei njo inaleta watu. Mama yangu anauzisha unga na samaki kavu hapa Lubumbashi, komine ya Kenya. Wakati wangu minervali ilikuwa dola 280 kwa mwaka, unalipa kwa tranchi 3. Kwa mama mwenye watoto sita, ile 280 ilikuwa kama mlango umefunguliwa. Nilikuja kuelewa pole pole kwamba 280 ni bei ya kuingia tu. Kila sesio kuna enrolema, na bila kulipa jina lako halipo kwenye liste ya mlangoni siku ya mtihani. Kila kozi ina silabisi, na silabisi haikuwa ya lazima, ila asistanti alikuwa anaandika majina ya wenye kununua, na ile liste alikuwa nayo wakati wa kusahihisha. Mwishoni kuna depo ya memware. Mwaka wangu wa mwisho nilihesabu yote kwenye daftari: dola 455. Humo ndani kulikuwa na dola 15 za TP, yaani kazi za labo, nilizolipa miaka yote mitano. Hizo 15 nitazirudilia.

Hata hivyo chuo hiki si cha kutupwa, na wenye kusema kwamba kila private ya bei ndogo ni duka la diploma hawajakaa ndani. Mwaka wetu wa akademia ulianza na kuisha kwa tarehe. Wakati rafiki zangu wa serikali walikuwa wanangoja mgomo wa maprofesa uishe, sisi tulikuwa tumekwisha kupata matokeo. Tulikuwa watu 31 mu oditwari. Mwalimu alikujua kwa jina, alijua umekosa kozi ya jana, alijua pia kama umekula. Mwenzangu mmoja wa Kasapa alikuwa anafuata kozi amesimama dirishani, daftari juu ya mgongo wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa na kiti, na wale wenye kudharau kiti waulizeni wenye kusimama.

Na kuna upande mmoja wa chuo kile ambao nitautetea mbele ya mtu yeyote: Letre. Lugha, na zaidi Historia. Pale kulikuwa na shefu wa travo mmoja, mtu wa shati moja la bluu, hakuwa na doktora na alijua hatapata profesa kesho. Bibliyoteki ilikuwa kabati mbili. Yeye aliamua kwamba wanafunzi wake watasoma jiji. Aliwapeleka makumbusho ya Lubumbashi, aliwapeleka makaburini kusoma majina na tarehe, halafu akawatuma mu makambi ya wafanyakazi, kila mmoja na mzee wake wa kumsikiliza. Jirani yangu wa chumba alifanya memware juu ya watu wenye kutoka Gécamines mwaka 2003, wakati wa ile "départs volontaires", watu zaidi ya 10,000 waliopewa hesabu ya mwisho na kuambiwa ni kwa mapenzi yao. Aliketi na wazee 14. Aliandika namna mmoja alivyonunua kamioneti ikafa miezi mitatu, na mwingine alivyorudi kulima. Siku ya utetezi, profesa aliyekuja kutoka Kasapa alifunga ile kazi na kusema angependa kuibakisha. Jirani yangu leo anafanya kazi ya utafiti, wanamuita kwa sababu anajua kuuliza mtu swali na kunyamaza. Ile elimu haikuhitaji jengo. Ilihitaji mwalimu mwenye nia, daftari, na mji wenye wazee, na sisi wazee tunao.

Sasa tuje kwangu, Kemia.

Walimu wetu wakubwa walikuwa maprofesa wageni. Si kosa lenyewe. Nchi yetu haina maprofesa wa kutosha, na mmoja anaweza kufundisha kwenye vyuo vinne. Shida ni namna. Kozi ya saa 45 inafundishwa kwa siku 6. Hesabu mwenyewe: saa 7 na nusu kila siku, toka asubuhi mpaka macho yanafunga, Jumamosi mtihani, Jumapili profesa ameenda. Mwanafunzi wa Historia anaweza kubaki na silabisi yake akaisoma tena mwezi mzima. Kemia ina sehemu ambayo silabisi haiingize mu mikono.

Labo ilikuwepo. Kwenye karatasi ya matangazo ilikuwa na picha. Ufunguo ulikuwa kwa apariteri, na kila tulipouliza, apariteri alikuwa amesafiri, au reajanti hazijafika, au Snel imekata moto. Mara moja mlango ulikuwa wazi, tukachungulia: viti vya oditwari vimepangwa mpaka dari. Titraje tuliifanya kwenye ubao. Asistanti alichora bireti kwa chaki nyeupe, na tulipofika mahali rangi inageuka, alichukua chaki ya pinki akapaka. Tulicheka. Tulinakili ile rangi kwa bic nyekundu. Nilipata 16 juu ya 20.

Miezi saba baada ya kumaliza, kampuni moja ya shaba iliniita kwa mtihani wa kazi ya labo. Tulikuwa watu 9. Walitupa maji yenye shaba ndani na kila kitu cha kupimia: iyodiri, tiyosulfati, maji ya wanga. Equation zote nilikuwa nazo kichwani, ningeweza kuziandika nikiwa nimelala. Lakini maji ya wanga nikayaweka mwanzoni. Mwenye kujua anangoja: anatiririsha tiyosulfati mpaka ile rangi ya kahawia ipauke kuwa manjano hafifu, karibu na mwisho, halafu njo anaweka wanga. Ukiiweka mapema, iyodi inashikamana nayo, bluu inagoma kutoka, na mwisho wa titraje hauonekani vizuri. Ilikuwa imeandikwa kwenye silabisi yetu, ukurasa ninaujua. Mkono wangu haukuwa umewahi kuisoma. Mwenye kutusimamia aliangalia ile bluu yangu, akaniuliza kwa upole: "Mulikuwaka na labo?" Nikasema ndiyo. Nilitetea chuo pale mbele ya watu 8 wenye bireti safi.

Leo nafundisha kemia kwenye sekondari moja, ambayo nayo haina labo. Na mimi nachora bireti kwenye ubao. Chaki ya pinki nainunua mwenyewe.

Kuna watu watasema: hayo yalikuwa ya mfumo wa zamani, miaka 3 ya graduwa na 2 ya lisansi, sasa tuko kwa LMD. Ni kweli, tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mambo yamegeuka: lisansi ni miaka 3, kredi 180, 60 kila mwaka. Lakini muangalie kredi ni nini. Ndani ya kredi hakuna saa za kumsikiliza mwalimu tu, kuna pia saa za mwanafunzi kufanya kazi yake mwenyewe. Saa hizo anazifanyia wapi? Mahali penye bibliyoteki na labo, ni masomo. Mahali penye mlango wa kufuli, ni kukaa nyumbani na kuangalia simu, halafu kwenye relevé wanaandika kredi sawasawa na za mwingine. Mimi naona LMD imefanya chuo dhaifu kiumie zaidi, hata kama makaratasi yake yanang'aa.

Makaratasi nayo tuyaseme, kwa haraka. Tangu serikali ilipoachia watu binafsi nafasi, baada ya miaka ya UNAZA ambapo vyuo vikuu vyote vilikuwa mkononi mwake, vyuo vimeota kila avenue. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inavikubali, ila chini ya macho ya serikali. Wazazi wengi wanauliza: "Chuo kina ruhusa?" Swali ni zuri lakini ni fupi. Uliza filiere ina ruhusa. Chuo kinaweza kuwa na karatasi ya wizara kwa Historia na Kifaransa, halafu kikafungua filiere mpya kwa sababu wakliye wanaitaka. Omba kuonyeshwa ile arete, usome jina la filiere yako kwa macho yako. Wakikwambia imefungiwa kwa rekta, rudi kesho. Wakikwambia mara ya tatu, usirudi.

Juma lililopita nilimpeleka mdogo wangu pale. Sikutaka aamini hasira yangu, nilitaka aone. Na nilitaka mimi pia nione, juu miaka imepita, nilikuwa natumaini nitaaibika.

Rangi ni mpya. Kuna projekta mu oditwari kubwa, kuna maua. Yule shefu wa travo wa Historia bado yupo, shati limebadilika, alinikumbatia, na nyuma yake wanafunzi wawili walikuwa wanasikiliza sauti ya mzee kwenye simu na kuandika neno kwa neno. Nikafurahi kabisa. Arete tulionyeshwa bila shida, Kemia imo, nasema kwa haki. Halafu nikaomba labo. Apariteri ni mwingine, kijana, wa heshima. "Laboratware iko, ni ufunguo tu tunatafuta." Tukakaa kwenye benchi saa moja na nusu. Ufunguo ulipatikana.

Viti vimeondolewa. Kuna meza ndefu yenye karo nyeupe, bireti tatu, moja imevunjika mdomo, chupa za reajanti zenye etiketi iliyopauka mpaka huwezi kusoma tarehe. Nikaanza kujiambia: si mbaya, ni mwanzo. Mdogo wangu alikuwa anazunguka ile meza kimya. Akauliza:

"Ya, maji inatokaka wapi?"

Apariteri akaangalia ukutani, na mimi nikaangalia. Hakuna robine, hakuna bomba, hakuna hata tundu la kupitishia maji machafu. Akasema siku ya TP wanaletaka mu bido. Mdogo akauliza TP ya mwisho ilikuwa lini. Akajibu ataulizia kwa asistanti.

Kwa hiyo jibu langu kwa wote wenye kunisimamisha barabarani ni hili. Unataka Historia au lugha, na mfuko wa nyumbani ni mdogo? Ingia pale, utapata mtu wa kukufundisha kweli, na mwaka wako utaisha kwa wakati. Weka tu dola 150 juu ya bei wanayokutangazia. Unataka Kemia, Biolojia, Fizikia? Hapana, si leo. Na kama kamati ya chuo inasoma hapa, siwaombi jengo. Zile dola 15 za TP, za wanafunzi 31, zinafika dola 465 kwa mwaka kwa promosio moja tu. Robine moja na sanduku la bireti vingekuwa vimepatikana tangu wakati wangu.

Nyumbani mama alisikiliza yote na samaki mkononi. Akauliza swali lake la siku zote: tofauti ya bei ni ngapi? Nikamwambia, na usafiri wa kwenda Kasapa kila siku juu yake. Akanyamaza. Nikasema tofauti nitaichukua mimi, kwa mshahara wa ubaoni. Akasema: "Na wewe utaoa lini?" Mdogo akacheka, mimi sikucheka sana.

Dosie yake tumeidepoza Kasapa Alhamisi asubuhi. Dola 20 za fomu ambazo mama alikuwa amekwisha kulipa kule kwetu, nilienda kuziomba. Hawarudishe.